Ufa Huzibwa kwa Nini?

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema uzibwe kwa kitu gani, na pengine hawakuwa na haja, kwani zama zao chokaa ndiyo iliyokuwapo. Leo mwashi wa Mji Mkongwe wa Unguja ana chokaa upande mmoja na saruji upande wa pili, na uchaguzi wake si wa ufundi peke yake.

Kuta za kale za mji huo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa. Tumbawe lina vitundu vitundu. Hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa polepole jua likiwaka. Chokaa ina tabia hiyo hiyo, wala si ajabu, maana ni jiwe lile lile lililopita motoni. Katika joto la kama nyuzi 900 za sentigredi jiwe hutoa hewa ya ukaa, likabaki chokaa hai. Chokaa hiyo ikitiwa maji huchemka na kulainika. Ikishapakwa ukutani huirejesha ile hewa kidogo kidogo, kwa miezi na miaka, hata ikawa jiwe tena. Ukuta ukitulia, nayo hufuata. Na ufa mwembamba huweza kuuziba yenyewe, kwa chembe zinazoyeyushwa na maji na kuachwa humo.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin alipewa hataza yake Uingereza mwaka 1824, hukaza upesi, hubeba mzigo mkubwa na haipitishi maji kwa urahisi. Hizo ni sifa njema, na gati la leo lisingesimama bila yake. Lakini ikipakwa juu ya tumbawe, unyevu uliomo hukosa pa kutokea. Chumvi huganda vitunduni na kulimega jiwe nyuma ya lipu inayopendeza macho, na boriti za mikandaa, ambazo ncha zake zimo ukutani, huoza pasipoonekana.

Je, aliyeipaka kwa nia njema ana lawama? Haitoshi kujibu kuwa hakukusudia. Anayeshika ukuta ambao hakuujenga amepokea amana, na amana humdai mtu akijue anachokishika. Hata hivyo, si haki kumtwisha fundi na mpangaji lawama yote. Chokaa hutaka kurowekwa mapema, kupakwa tabaka kwa tabaka na kukingwa na jua kali, na kila siku ya subira ina ujira wake. Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Urithi ni wa dunia, ila mvua humdondokea mwenye kitanda. Anayemhimiza asubiri, naye analala pakavu, ana hoja nzuri kuhusu mawe tu.

Kuna jambo moja ambalo waashi wa kale walilijua: kinachoshikanisha kiwe dhaifu kuliko jiwe, ili cha kuliwa kiwe hicho. Lipu ya chokaa inayopukutika baada ya masika haikuharibika. Imebeba chumvi ambayo ingelila jiwe. Mwenye nyumba huona unga mweupe sakafuni, akaona aibu mbele ya wageni, akamwita fundi. Fundi huja na mfuko wa saruji.