Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Mei ni mwezi wa mizani Lalago. Pamba inaanza kununuliwa, mikokoteni ya ng'ombe inapanga foleni kwenye maghala ya AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, na malori yanayopita barabara ya Mwanhuzi yanaacha nyuzi nyeupe kwenye miiba ya pembeni. Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, ndio unaoongoza nchini kwa zao hili, na kwa familia nyingi za huku Maswa miezi hii michache ndiyo inayolipa ada, bati na mahari ya mwaka mzima. Mfumo wa kampuni ya pamba ukisimama Novemba, wafanyakazi wanakwenda kunywa chai. Ukisimama Mei, wakulima wanalala ghalani na mizigo yao.

Kampuni ya kisa hiki usiitafute. Nimeitunga kwa kuunganisha mambo yanayotokea maofisini kila siku, ili funzo lisimdhalilishe mtu. Ila mikongo ya intaneti iliyokatika baharini na yaliyowakuta Waaustralia ni mambo ya kweli, na tarehe zake zinajulikana.

Kampuni hiyo inanunua pamba kupitia vyama vya msingi, inachambua kiwandani, inauza marobota na mbegu. Kwa miaka mingi hesabu zake zote zilikaa kwenye seva moja, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya vipuri. Fundi wake alikuwa kijana wa papa hapa. Asubuhi alianza na vumbi la pamba lililoziba feni, halafu betri za UPS, halafu printa ya mhasibu ambayo haikupona hata siku moja. Kila Ijumaa jioni alinakili data kwenye diski ya nje na kwenda nayo nyumbani. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba kiwanda cha pamba kinaweza kuungua, na diski ikibaki ndani itaungua nacho.

Kila Aprili alifanya jambo jingine ambalo hakuagizwa na mtu. Alizunguka vituo vya kununulia akiwagawia makarani vitabu vya stakabadhi vyenye namba, akikaa nao kidogo kuwaelekeza namna ya kuandika uzito kwa mkono siku mtandao ukigoma, na namna ya kuingiza zile namba baadaye bila mkulima mmoja kulipwa mara mbili. Kwenye barua yake ya ajira kazi hii haikuwemo. Barua ilisema "kutunza kompyuta".

Akaja muuza mfumo kutoka Dar es Salaam. Akaonyesha kwamba kila kitu kinaweza kuhamia kwenye wingu: hakuna seva, hakuna betri, hakuna feni. Wingu lenyewe, tukiacha jina lake zuri, ni jengo la mtu mwingine lenye kompyuta nyingi, unazozikodi kwa saa. Majengo ya namna hiyo yaliyo karibu nasi yako zaidi Afrika Kusini. Microsoft ilifungua yake Johannesburg mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020. Na huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta, iliyoanza mwaka 2006 na kubadilisha biashara hii dunia nzima, sehemu kubwa ilitengenezwa na kikosi kidogo kilichokaa hukohuko Cape Town. Watu wengi hawajui kwamba jambo hili lina mkono wa Afrika tangu mwanzo.

Mkurugenzi alipiga hesabu fupi. Kama hakuna seva, fundi wa seva anabaki kufanya nini? Fundi akapewa barua ya kupunguzwa, mshahara wa miezi iliyobaki, na shukrani.

Kuhama kwenyewe hakukuwa ujinga. Chumba kile cha vipuri kilikuwa hatari, na mtu mmoja kubeba uhai wa kampuni kwenye mfuko wa chakula kila Ijumaa si mpango wa kujivunia. Ningekuwa mimi, ningehama pia. Lakini mkurugenzi aliona mashine imeondoka, akadhani na kazi imeondoka. Kazi ya fundi iligawanyika bila kikao chochote. Ankara ya kila mwezi ikaangukia kwa mhasibu, mkataba ukaingia kwenye droo ya mkurugenzi, na mtandao wa vituoni ukawa bando la kila karani kwenye simu yake. Suala la nani anaruhusiwa kuingia kwenye mfumo, na nani ameacha kazi lakini bado anaingia, halikumwangukia mtu.

Ankara ndiyo iliyouma kwanza. Zamani seva ilinunuliwa mara moja, na ikikaa bila kazi kuanzia Oktoba mpaka Aprili haikumgharimu mtu kitu zaidi ya umeme. Kwenye wingu saa ni pesa. Muuza mfumo alipanga kompyuta zenye nguvu ya kubeba msimu, vituo vyote vikipima kwa wakati mmoja, na alifanya sawa. Msimu ukaisha. Kompyuta zile zikaendelea kunguruma Afrika Kusini usiku na mchana zikisubiri pamba ambayo ilikuwa bado haijapandwa. Kuzipunguza ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua pa kubonyeza, na mtu huyo alishapunguzwa yeye. Mhasibu alilipa kwa uaminifu, kwa dola, katika kipindi ambacho dola ilitoka kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 hadi karibu 2,600 katikati ya 2024. Alipolalamika aliambiwa kwamba teknolojia ni gharama.

Wakati huohuo bwana shamba wa kampuni, kwa nia njema kabisa, alijiunga na huduma nyingine ya wingu ya kusajili wakulima: majina, namba za simu, ukubwa wa mashamba. Aliilipia kwa kadi yake akarudishiwa fedha. Enzi za seva asingeweza, angelazimika kupita kwa fundi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili, tena ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Pale ofisini hakuna aliyeisoma, kwa sababu hapakuwa na mtu ambaye kuisoma ni kazi yake.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu upande wa Afrika Kusini. Mikongo hiyo ndiyo iliyotufungulia intaneti ya kasi, Seacom mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Njia ya kaskazini nayo ilikuwa imeshapungukiwa tangu Februari, mikongo kadhaa ilipoharibika Bahari ya Shamu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Serikali ikatangaza kwamba intaneti na simu za kimataifa zimeathirika. Simu za ndani ziliendelea kupigika, ndiyo maana wengi wetu siku hiyo ya kwanza tulidhani ni bando limeisha.

Jumatatu asubuhi karani wa Lalago aliweka gunia la kwanza kwenye mizani, akagusa kishikwambi, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Uzito wa pamba ya Lalago ulikuwa ukijaribu kufika Cape Town kwa njia ileile iliyokatika.

"Mwanangu, imesoma ngapi?" akauliza mzee mwenye gunia.

"Mizani imesoma, babu. Mfumo ndio bado."

"Sasa mimi nakuuzia wewe au naiuzia hiyo?"

Karani hakuwa na kitabu cha stakabadhi. Aprili ilikuwa imepita na hakuna aliyezunguka. Waliandika kwenye karatasi za daftari la shule, bila namba, na baadaye karatasi hizo zilileta ugomvi wa wiki nyingi. Baadhi ya wakulima walifunga ng'ombe wao wakaondoka kwenda kwa mnunuzi aliyekuwa na daftari la kawaida na kalamu.

Na sasa jambo lenyewe. Mfumo ule ulikuwa na uwezo wa kuhifadhi mauzo ndani ya kishikwambi mtandao unapokosekana, kisha kuyatuma ukirudi. Kwenye ukurasa wa mipangilio kulikuwa na kisanduku cha kutiki. Muuza mfumo alikiacha wazi kwa sababu mteja hakusema anakitaka, na mteja hakusema kwa sababu hakujua kipo. Fundi wa zamani angekitafuta kabla ya kitu kingine chochote. Hakuwa mtaalamu wa wingu, lakini alishawahi kusimama Lalago siku mtandao umegoma.

Mtu asidhani hayo ni ya kampuni ndogo za mikoani. Mapema mwezi huohuo wa Mei 2024, UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya laki tano, uliamka na kukuta sehemu ya mazingira yake kwenye wingu la Google imefutika. Hapakuwa na mdukuzi. Google ilieleza baadaye kwamba wakati wa kuyaandaa mazingira hayo, wafanyakazi wake waliacha sehemu moja bila kujazwa. Mfumo ukaijaza wenyewe: muda wa matumizi mwaka mmoja. Mwaka ulipotimia, ukafuta. UniSuper iliokoka kwa kuwa ilikuwa na nakala nyingine ambazo hazikuguswa, na hata hivyo wanachama walikaa siku kadhaa bila kuona akaunti zao.

Code Spaces haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa kampuni ya kuwahifadhia watengeneza programu kazi zao, na mwezi Juni 2014 mhalifu aliingia kwenye akaunti yake ya Amazon akafuta data pamoja na nakala, kwani vyote vilikuwa chini ya ufunguo mmoja. Kampuni ikafunga milango. Yule kijana wetu na diski yake ya Ijumaa alikuwa na akili ambayo Code Spaces iliikosa. Kilichotakiwa ni kubadilisha diski na kubaki na akili, yaani kumpeleka kijana kusoma namna mikataba ya wingu inavyogawa wajibu, namna ya kugawa ruhusa na kusoma ankara, kisha kumpa kiti karibu na mkurugenzi badala ya kile cha stoo. Watoa huduma wakubwa wenyewe wanaandika wazi kwamba wao wanalinda majengo na mitambo, na mteja ndiye anayelinda akaunti, mipangilio na data yake.

Mtandao uliporudi taratibu, mkurugenzi alimtafuta fundi kwa simu. Alimkuta Maswa mjini, anatengeneza simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Tunahitaji mtu atuwashie kitu fulani kwenye mfumo, na hapa hakuna anayeweza kufika huko ndani. Wewe nywila uliyopewa wakati tunahama unaikumbuka?"

Aliikumbuka. Akaijaribu kwenye simu ya mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kioo, na mfumo mzima ukafunguka: vituo vyote, malipo yote, majina ya wakulima. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu apewe ile barua. Akakitiki kisanduku, akamwomba mzee wamfute kwenye mfumo siku hiyohiyo. Mkurugenzi akamwuliza mhasibu inavyofanyika, mhasibu akampigia muuza mfumo, na muuza mfumo akaangalia kumbukumbu zake: mwenye mamlaka ya kumwondoa mtu kwenye akaunti ile alikuwa mmoja tu, na ndiye waliyetaka kumfuta.