Heshima Kabla ya Roho

Roho hupulizwa baada ya siku 120, kwa hadithi ya Ibn Masud waliyoipokea Bukhari na Muslim. Mwaka 2003 wanazuoni wa Baraza la Fiqhi, Makka, waliruhusu seli shina zichukuliwe katika viinitete vilivyosalia baada ya matibabu ya ugumba, wazazi wakiridhia. Kuvitunga kwa ajili ya utafiti wakakuharamisha.

Sipingi. Utafiti huo ukija kumfaa mgonjwa wa selimundu, na aheri. Lakini katika madhehebu ya Shafii, tunayoifuata pwani hii hadi Songo Songo, mimba iliyoharibika kabla ya miezi minne haiswaliwi, ila ni sunna kuiviringa kitambaa na kuizika. Heshima, basi, haikuingoja roho. Nayo maabara (nauliza kwa dhati) masalia yake huyaweka wapi?