Kumbuka Njia Yote

Somo la juma: Kumbukumbu la Torati 8:2-4



Wana wa Israeli walipofika ukingoni mwa nchi ya ahadi, Musa aliwapa wosia. Aliwaagiza waikumbuke njia yote ambayo Mungu aliwaongoza jangwani kwa miaka 40. Hakuwachagulia vipande. Njaa ikumbukwe, na mana ikumbukwe. Unyonge walioonjeshwa ukumbukwe, na miguu ambayo haikuvimba kwa safari yote ile ikumbukwe pia.

Somo hili limetufikia wakati wake. Shule zinafunguliwa, na alfajiri ya Jumatatu vijia vyetu vya Kiogoro, kati ya migomba na mashamba ya majani chai, vitajaa watoto, wengine na sweta mpya, wengine na sweta walizorithi kwa kaka na dada zao. Mzazi anayemsindikiza mwanawe hadi langoni huikumbuka shule yake mwenyewe. Na jinsi anavyoikumbuka ndiyo itakayoamua jinsi atakavyomlea mtoto huyo.

Mimi nilisoma shule ya msingi katika vilima hivi hivi vya Nyaribari, enzi za 8-4-4, wakati mtihani wa KCPE ulipokuwa na masomo saba na alama 700. Niruhusuni nianze na mema, maana ni mengi.

Tulikunywa maziwa ya Nyayo. Rais Moi aliuanzisha mpango huo mwaka 1979, nasi tuliosoma miaka ya themanini tukaufaidi. Lori likianza kuguruma mlimani, darasa zima lilijua. Kila mtoto alipewa pakiti yake ya pembetatu, akaing'ata ncha, akafyonza. Wapo walioishia nusu, wakaikunja ile ncha kwa uangalifu na kuificha pakiti ndani ya sweta, ili mdogo wao nyumbani naye aonje. Kwa baadhi yetu hicho ndicho kilikuwa chakula cha kwanza cha siku.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusiliba sakafu. Madarasa ya chini yalikuwa ya udongo, kwa hiyo tulitoka nyumbani na maji kwenye vidumu na kinyesi cha ng'ombe kwenye majani ya mgomba. Tulipiga magoti, wavulana kwa wasichana, mtoto wa mwalimu na mtoto wa mjane, tukasiliba sakafu moja. Jumatatu tulikuta imekauka, haina vumbi, na kila mtu alijua sehemu aliyoisiliba kwa mkono wake.

Na kulikuwa na mvua. Aliyekulia Kisii anajua kwamba mchana ukishapinda, mawingu hukusanyika juu ya vilima na mvua hushuka bila kubembelezwa. Ilipopiga mabati yasiyo na dari, sauti ya mwalimu ilimezwa. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliweka chaki chini, akatuonyesha ukurasa kwa vidole, nasi tukasoma kimya kimya hadi mvua ikatike. Upendo wangu wa kusoma, hata wa kulisoma Neno, ulianzia chini ya mabati yale.

Mwalimu huyo alikuwa na jicho la kuona nani amekosa nini. Ndani ya mkebe wake wa chaki aliweka wembe na penseli alizonunua kwa pesa zake. Alikata penseli moja vipande viwili, akavichonga vyote, na alipopita kati ya madawati akisahihisha imla, alikiacha kipande kimoja kando ya daftari la mtoto asiyekuwa na cha kuandikia. Hakumtaja jina wala hakumsimamisha. Alisogea dawati la pili, mtoto naye akaanza kuandika.

Hayo ni mema, na hayafuti machungu.

Siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa wameketi nyasini, majina yalisomwa kwa kufuata nambari, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Wa kwanza alipigiwa makofi. Kadiri orodha ilivyoteremka, ndivyo makofi yalivyopungua, mwisho yakawa vicheko. Rafiki yangu mmoja alishika mkia muhula baada ya muhula. Alifika mahali akawa anaanza kutembea kwenda mbele kabla ya kuitwa, ili aibu ipite upesi. Mvulana huyo alichonga magari ya mti ambayo usukani wake uligeuza magurudumu kwelikweli, na watoto wa vijiji viwili walimfuata kuyatazama. Ujuzi huo haukuwa na nambari, kwa hiyo haukusomwa. Kabla hatujafika darasa la saba, aliacha shule.

Tulichapwa kwa kuchelewa, hata siku ambazo mto ulikuwa umefurika. Tulichapwa kwa kukosa hesabu, kila kosa na kiboko chake. Tulichapwa kwa kuzungumza Ekegusii: kulikuwa na kibao kilichohama kutoka shingo hadi shingo, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyelipa. Basi mtoto alijifunza kumvizia mwenzake, akisubiri ateleze na kutamka neno alilofundishwa na mama yake. Wakati wa michango ya ujenzi, watoto ambao wazazi wao hawakuwa nayo walirudishwa nyumbani asubuhi mbele ya wenzao, kana kwamba kosa lilikuwa la mtoto.

Na kila Januari kulikuwa na nafasi tupu kwenye madawati ya wasichana. Wengine walikeketwa katika likizo ya Desemba, wakahesabiwa kuwa wamekomaa, na baadhi yao wakaozwa. Tuliketi nao Novemba, tukafanya mtihani pamoja, kisha hatukuwaona tena. Hakuna mtu mzima aliyetueleza, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Sasa, wapendwa, moyo ukiwa na mema na machungu namna hii, tufanyeje? Maandiko yanatuonyesha njia mbili za kupotea na moja ya kufika.

Njia ya kwanza ya kupotea imo katika Hesabu 11. Waisraeli walipochoka na mana, waliwakumbuka samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu, kana kwamba walivipata bure. Mjeledi wa wanyapara hawakuutaja. Hata watoto wao waliotupwa mtoni hawakuwataja. Walikumbuka meza tu, na kumbukumbu hiyo ikawafanya watamani kurudi utumwani.

Nasi tukiketi baada ya ibada na kuzungumzia shule, husema hivyo hivyo: tulichapwa, na mbona tumekuwa watu? Naomba tuipime kauli hii kwa uaminifu. Anayeisema ni yule aliyebaki. Rafiki yangu aliyeacha shule hayuko katika mazungumzo hayo ili atoe jibu lake. Wasichana wa Januari hawako. Ukihesabu waliofika peke yao, hata njia mbaya itaonekana njema. Nami nashuhudia kwamba sikuwa mtu kwa sababu ya kiboko. Nilifika nilipofika kwa sababu kulikuwa na mtu mzima aliyekata penseli katikati na kulinda heshima ya mtoto maskini alipokuwa akimsaidia.

Najua wapo watakaonijibu kwa Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe. Twendeni basi hadi Zaburi ya 23, kwa mchungaji mwenyewe. Daudi alichunga kondoo, na anasema fimbo na gongo la Mungu vilimfariji. Fimbo ya mchungaji ilifukuza wanyama wakali, ikamrudisha njiani kondoo aliyepotea. Hakuna kondoo anayefarijiwa na kile kinachomtia majeraha. Mtume Paulo naye, katika Wakolosai 3:21, anawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, wasije wakakata tamaa. Kukata tamaa ndiko kulikomtoa rafiki yangu shuleni.

Njia ya pili ya kupotea ni ya Naomi. Alirudi Bethlehemu akiwa amezika mume na wana wawili, akawaambia wanawake wa mji wamwite Mara, kwa kuwa Mungu amemtendea mambo machungu. Alisema amerudi mikono mitupu. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na Biblia haimkemei. Lakini alipokuwa akisema hayo, Ruthu mkwewe alikuwa amesimama ubavuni pake, yule yule ambaye katika uzao wake angezaliwa Daudi. Maumivu yalikuwa yamemziba macho asione zawadi aliyokuja nayo.

Wamo kati yetu wanaoikumbuka shule hivyo. Mwalimu wa mtoto akimwita, mzazi wa namna hii huenda tayari kwa vita, au haendi kabisa. Husema mbele ya mtoto kwamba shule haikumfaa kitu. Ndugu yangu, dada yangu, ulichotendewa kilikuwa kibaya, na hakuna anayekutaka ukiite kizuri. Ila jiulize ni nani aliyesimama kando yako. Labda ni mpishi aliyekuwekea uji siku uliyorudishwa nyumbani ukachelewa. Labda ni mwenzako aliyekugawia nusu ya ndizi yake. Labda ni mwalimu mmoja tu kati ya wote. Ukimsahau huyo, waliokuumiza watakuwa wamekunyang'anya na yeye pia.

Njia ya kufika iko katika Kutoka 23:9. Mungu anawakataza Waisraeli kumwonea mgeni, na sababu anayowapa ni kwamba wao wanaujua moyo wa mgeni, kwa kuwa walikuwa wageni Misri. Anayachukua machungu yao ya jana na kuyafanya sheria ya huruma ya leo. Mama zetu wanalijua jambo hili jikoni. Chinsaga ni mboga chungu, lakini hakuna anayeitupa kwa uchungu wake, wala hakuna anayeila kama ilivyochumwa. Huchemshwa kwa muda mrefu, ikatiwa maziwa, na ikifika mezani inawajenga watoto. Ndivyo kumbukumbu ngumu inavyotakiwa kushughulikiwa kabla ya kuwafikia watoto wetu.

Nchi yetu imepiga hatua katika njia hiyo. Mwaka 2001 serikali iliondoa ruhusa ya viboko katika kanuni za shule. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilifutwa, na zaidi ya watoto milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakaingia madarasani. Katiba ya 2010 ilimpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ikamlinda dhidi ya ukatili. Mwaka 2011 ukapitishwa mswada wa kupiga marufuku ukeketaji, ukawa sheria. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza adhabu ya viboko pamoja na kumtesa mtoto kiakili. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Kila moja ya hatua hizi ilisukumwa na watu walioukumbuka moyo wa mtoto.

Hata hivyo sheria haivuki kizingiti cha darasa peke yake. Inahitaji watu wa kuipeleka, na kanisa lina wajibu wa pekee. Elimu ya Gusii ililelewa na misheni. Wakatoliki walianzisha misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wakajenga Nyanchwa muda mfupi baadaye. Hadi leo, mabango ya shule zetu yana herufi za makanisa yanayozifadhili, SDA za Waadventista hapa, DOK za Wakatoliki pale. Kanisa likiandika jina lake langoni, haliwezi kunyamazia yanayotendeka ndani. Wazee wa kanisa wanaokaa katika bodi za shule wasiishie kuuliza wastani wa alama. Waulize pia ni watoto gani walioacha kuja, na kwa nini.

Juma hili, basi, ninawaomba haya.

Mtafute mwalimu aliyekutendea mema. Wengi wamestaafu na wako hapa hapa kati yetu, wanachuma chai na kufuga kuku. Usitume salamu. Nenda mwenyewe, umwambie alichofanya ambacho hukukisahau.

Mzazi, kabla mtoto wako hajalala Jumapili usiku, muulize ni kitu gani anachokiogopa shuleni. Akikujibu, usimkatize kwa hadithi ya jinsi wewe ulivyochapwa. Msikilize hadi mwisho.

Mwalimu, unafanya kazi ngumu katika darasa lililojaa, na tunakuombea. Yule mtoto anayeshika mkia usimtangaze mbele ya watu. Tafuta kile ambacho mikono yake inaweza, nawe umwambie umekiona.

Wenye binti, hakikisheni kwamba kila msichana aliyefunga shule naye amefungua. Jirani akikosa kumrudisha wake, usiseme ni mambo ya boma la watu. Ongea naye, na asiposikia, mwone chifu.

Na wewe uliyebeba jeraha la shule hadi leo, mlango wa mchungaji uko wazi. Njoo tuzungumze, tuombe pamoja.

Mtoto anayeingia Gredi ya Kwanza Jumatatu hana deni la mateso yetu. Tumpe mema yote tuliyopewa, na yale mabaya yaishie kwetu.