Mjane, Yatima na Mali ya Marehemu
(Wagalatia 4:1-2)

Mtume Paulo ataja mrithi aliye mtoto bado: mali yote ni yake, lakini atunziwa na wengine. Twajua jinsi jambo hili liendavyo. Matanga hayajaisha, na shemeji za mjane wamekwisha kuhesabu migomba na ng'ombe.

Daktari Martin Luther alimhofia hayo mkewe Katharina, maana sheria ya Saxony ilimpa mjane kidogo mno. Tarehe 6 Januari 1542 aliandika wasia kwa mkono wake, akamwachia shamba la Zülsdorf, akataka mama mwenyewe awe mlezi wa watoto. Melanchthon, Cruciger na Bugenhagen walitia sahihi. Lakini taratibu za wanasheria hakuzifuata. Alipokufa mwaka 1546, ilibidi mtawala wa nchi authibitishe wasia ule, na hata hivyo walezi wengine wakawekwa juu ya watoto. Imani yake ilikuwa kubwa. Hati yake ilikuwa na upungufu.

Basi tusiseme ya kuwa Mkristo hana haja ya mahakama. Hapa Tanzania, mwenye mali na aandike wasia mbele ya mashahidi, wa ukoo na wasio wa ukoo. Asipoandika, ndugu hukaa kikao, humchagua msimamizi, na mahakama humthibitisha. Nalo neno hili msimamizi lawadanganya wengi! Barua ya mahakama haimfanyi mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kuwagawia warithi, na kupeleka hesabu kwa hakimu. Mjane hakatazwi kuwa msimamizi. Tena akionewa, aweza kuweka pingamizi, hata kuomba msimamizi aondolewe.

Wapo wasemao binti hana neno katika shamba la ukoo. Wasome habari za binti za Selofehadi, Hesabu 27. Na mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, katika kesi ya Wahaya, iliamua kwamba binti aliyerithishwa shamba na babaye aweza kuliuza sawasawa na mwanamume.

Nawe mlezi, fungu la yatima lisiuzwe ili mwanao asome.

Nanyi wainjilisti, mwitwao matangani kuongoza sala, msiondoke mara baada ya Amina. Kaeni kikaoni majina ya watoto yaandikwapo. Na kama la mmoja limeachwa, semeni papo hapo.