Dhambi ya Kiti Kitupu

Wengi hudhani ya kuwa mabaya ya dunia hufanywa na watu wakali tu. Lakini liko baya lililodumu kwa sababu watu wapole hawakuja barazani. Jambo hili lilitukia Shanghai, katika nchi ya China.

Uzi wa hariri hutoka katika kifuko anachojisokotea kiwavi. Ili uzi ufunguke, vifuko hutiwa katika maji yaliyo karibu kuchemka. Miaka ya 1920, katika viwanda vya Shanghai, kazi hiyo ilikuwa ya wanawake na wasichana. Watoto, wengine wa miaka sita au saba, walisimama mbele ya mabakuli ya maji ya moto, wakivikoroga vifuko kwa ufagio mdogo hata ncha ya uzi ionekane. Ndipo mwanamke akaishika na kuupeleka uzi kwenye gurudumu. Walifanya kazi saa 12 kwa siku, katika joto na mvuke. Mama wengine waliwaleta watoto wao wenyewe, maana ujira wa mama peke yake haukutosha.

Je, hao walikuwa watumwa? Hawakufungwa minyororo. Lakini njaa nayo ni bwana, wala haimpi mtumishi wake ruhusa ya kukataa.

Sehemu moja kubwa ya mji huo ilitawaliwa na baraza la wageni. Mwaka 1923 baraza hilo liliweka tume ichunguze kazi za watoto. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Adelaide Anderson wa Uingereza, na Soong Mei-ling, binti wa China. Mwaka 1924 tume ilishauri kwamba mtoto aliye chini ya miaka 10 asiajiriwe, na baada ya miaka minne umri huo uwe 12. Ni haki ndogo mno. Hata hivyo ilihitaji kibali cha mkutano wa wageni walipa kodi. Wachina, wenye watoto hao, hawakuwa na kura.

Mkutano ukaitwa mwezi wa Aprili 1925. Wakaja wachache kuliko hesabu iliyotakiwa, wala kura haikupigwa. Ukaitwa tena mwezi wa Juni, mji ukiwa katika machafuko. Hata hapo hawakutimia. Shauri likaanguka.

Basi, kosa ni la nani? La mwenye kiwanda, ndiyo. Lakini na yule aliyekaa nyumbani? Yamkini kila mmoja alikuwa na udhuru wake, tena alisema moyoni, Wengine watakwenda. Hakumpiga mtoto, wala hakusema, Mtoto na ateswe. Lakini mtoto yule penye bakuli hakukataliwa kwa neno la mtu. Alikataliwa na viti vitupu.

Nasi tuna mabaraza yetu, ambamo shauri la mjane au la yatima husomwa. Tukiitwa, tusiulize kwanza kama tumemdhulumu mtu. Tuulize, Kiti changu kikiwa kitupu, ni nani atakayelipa?