Babu wa Kihambani

Siku ya babu wa Kichagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro huanzia kihambani, shamba la ukoo ambamo migomba, mibuni na miti mirefu hustawi pamoja, nyumba ikiwa katikati. Alfajiri ng'ombe wa zizini hupewa majani na vipande vya mgomba, nayo samadi hurudi shinani. Maji hufika kwa mfongo, mfereji wa jadi ambao majirani huutumia kwa zamu.

Kihamba ni kidogo, hivyo familia nyingi huwa na shamba la pili chini, kwenye tambarare kavu. Huko mvua ni haba na jua ni kali. Hulimwa mahindi na maharage, na baada ya mavuno mabua hupandishwa mlimani kulisha ng'ombe.

Desemba ndiyo likizo kuu. Watoto na wajukuu hurejea kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, wengine kwa treni ya abiria iliyorejea Moshi Desemba 2019. Mtori wa ndizi hupikwa, mbuzi huchinjwa, na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa kwa kata. Waliogombana hupatanishwa kwa jani la mmea wa isale, ambalo kwa mila haifai kulikataa. Makaburi ya wazee, yaliyomo humo humo kihambani, husafishwa, na babu huwaonyesha wajukuu mipaka iliyopandwa isale. Hapo ndipo mtoto aliyezaliwa mjini anapojua kwao ni wapi.