KIAPO CHA UONGO: WATU 48 WA MAKKA

Nawausia na kujiusia nafsi yangu kumcha Allah.

Imam Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (r.a.) kisa cha zama za ujahilia. Mtu wa Banu Hashim aliajiriwa na Mkureshi wa ukoo mwingine, wakasafiri na ngamia. Njiani akampa ndugu yake kamba moja ya kufungia ngamia. Kwa kamba hiyo tajiri wake akampiga fimbo, ikawa sababu ya kifo chake. Tajiri akarudi Makka akasema: aliugua. Lakini marehemu alikuwa amemwachia habari mpita njia wa Yemen, naye akaifikisha kwa Abu Talib msimu wa Hija. Abu Talib akawapa hiari: ngamia 100, au watu 50 wa ukoo wenu waape kwamba hakuua, au tumwue.

Ukoo ukasema: tutaapa.

Tazameni! Hao hawakuwako njiani, hawakuona kitu. Waliapa kwa kuwa ni ndugu yao. Mama mmoja aliomba mwanawe asamehewe kiapo, akakubaliwa. Mwingine akapiga hesabu: ngamia 100 kwa watu 50 ni wawili kila mtu. Akatoa wawili wake, akaenda zake. 48 wakaapa. Asema Ibn Abbas: mwaka haukuisha ila wote 48 wamekufa. Na hao walikuwa bado hawajaletewa Mtume, sembuse sisi.

Hapa Kalemie ziwa lilipanda mwaka 2021 na tena 2024, likaingia majumbani. Parsele ikikosa alama, hubaki maneno ya watu. Hapo kaka atakuita: njoo uniapie mbele ya shefu wa kartie. Je, mpaka uliuona? Kama hukuuona, sema hukuuona. Atanuna, mwache anune. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayechukua haki ya mtu kwa kiapo amejipasishia Moto, hata ikiwa ni kijiti cha mswaki. Wala usiseme jirani ni Mkristo. Wanachuoni wamesema haki yake ni hiyo hiyo.

Na aliyekwisha kuapa? Katika madhehebu ya Shafi atoe kafara: alishe masikini kumi au awavike, asiyeweza, afunge siku tatu. Lakini kafara hairudishi ardhi. Atubu, arudi kwa shefu yule yule, mbele ya watu wale wale, aseme: sikuona.